Mrejesho: yule mtamba aliyevimba tezi chini ya sikio

Ndugu zangu, salaam kutoka Nakasongola, Uganda. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini kupe hawamaliziki ilhali tunaogesha ng'ombe dawa kila Jumatatu, na mtamba wangu wa Ankole amevimba tezi, hali chakula, anahema kama aliyekimbizwa. Wengi mlisema ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mlipatia.

Daktari wa mifugo alikuta joto nyuzi 41. Mimi nilishamchoma oksitetra, ile antibiotiki ya kawaida, siku mbili, pesa ya bure. Akaniambia ugonjwa ukishapamba moto ile haiponyi. Akamdunga buparvakwoni, dawa ya ndigana yenyewe, akarudia baada ya siku mbili. Mtamba anakula sasa, ingawa mbavu bado zinahesabika. Ndama mmoja hatukumuwahi.

Kuhusu kupe, aibu ni yangu. Nilimwomba kijana wetu anionyeshe anavyochanganya dawa. Akachukua kifuniko cha soda, akamimina viwili kwenye bomba la lita 20, na bomba hilo hilo likamaliza ng'ombe 14! Daktari alicheka, kisha akanuna: ng'ombe mkubwa anataka kama lita 10 peke yake. Tukapindua sikio la mmoja. Ndani kupe wa kahawia wamejipanga kama mtama. Huko dawa haikuwahi kufika.

Sasa napima kwa bomba la sindano, masikio na chini ya mkia naanza navyo. Mzee uliyeniambia nisichanganye dawa mbili za maduka tofauti, shikamoo. Nilikuwa nimeshachanganya.