Kumwaga tangi la choo la gari la kulala: pampu gani, na karo litahimili?

Msimamizi_Jambiani

Assalaam aleikum. Mimi nasimamia nyumba ndogo ya wageni Jambiani, upande wa kijijini. Wametufikia mume na mke wenye gari kubwa la kulala, limejengwa Marekani, ndani mna jiko, bafu na choo. Walivuka nalo kwa meli ya magari kutoka Dar. Wameomba kuliweka uani kwetu chini ya minazi mpaka mwisho wa mwezi, na bei tumeshakubaliana.

Shida ni matangi. Chini ya gari yako mawili: la choo lita 90, na la maji ya sabuni ya bafuni na jikoni lita 150. La choo taa yake inaonesha robo tatu. Karo letu, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko nyuma ya nyumba, mita 25 hivi kutoka gari lilipo, na gari halipiti kwa sababu ya ukuta wa jirani. Tena huko nyuma ni juu. Mdomo wa karo umelipita tundu la tangi kwa kimo cha mtu mzima, kwa hiyo maji hayawezi kwenda yenyewe.

Tunayo mashine ndogo ya petroli, ndiyo tunayovutia maji ya kisima kupandisha kwenye tangi la juu. Kijana wetu wa kazi anasema tuiunge hiyo hiyo, nusu saa tumemaliza. Mwengine kanishauri tuchimbe shimo kwenye maweni huko nyuma tumwage, tufukie. Moyo haukubali yote mawili lakini sina la kuwajibu. Kisima kiko upande wa pili wa nyumba na majirani wanateka humo humo. Mwenye ujuzi anisaidie.

Mtu_wa_Bububu

Dada, ita gari la kunyonya maji machafu. Anakuja na mpira wake mrefu, ananyonya, anaondoka, na wewe unalala usingizi.

Msimamizi_Jambiani

Nimeshampigia dereva mmoja. Anataka bei ya karo zima kwa lita 90, na safari ya kutoka mjini juu yake. Wageni wakikaa mwezi, tangi litajaa tena na tena. Hiyo bei hatuiwezi kila mara.

Fundi_Mkoani

Waaleikum salaam dada. Mie ni fundi wa mashine za boti, niko Mkoani, na pampu unayoihitaji naijua kwa sababu ndiyo inayofungwa kwenye mashua za wageni zenye choo ndani.

Kwanza hiyo mashine ya kisima. Usikubali hata kidogo, na jibu la kumpa huyo kijana ni hili: amwangalie anayeiwasha asubuhi. Si mnaitia maji kwanza ndipo ivute? Na mkiizima, maji yaliyomo kwenye mpira wa kuvutia yanarudi wapi? Valvu ya chini ikiwa imechoka kidogo tu, yanarudi kisimani. Sasa ukishapitisha mavi ya watu ndani ya mashine ile, hata uioshe vipi, kwenye sili (mipira ya kuzuia uvujaji) na pembe za ndani kitabaki kitu, na kesho yake kitashuka kwenye maji wanayoteka majirani zako. Kipindupindu cha 2015 na 2016 tumekiona sote visiwani humu. Mashine ya maji ya kunywa haiguswi na maji ya choo, si leo tu, siku zote. Na hata kama kisima kisingekuwepo, mashine ile imetengenezwa kwa maji matupu. Karatasi za choo zitajisokota kwenye impela, lile gurudumu la mabawa linalosukuma maji, na mtakuja kuifungua kwa mikono.

Kinachotakiwa ni pampu ya kusaga, ya volti 12. Ni ndogo, mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Mbele ina visu vinavyosaga uchafu na karatasi mpaka unakuwa uji mwepesi, nyuma ina impela ya mpira inayousukuma. Kwa kuwa vimeshasagwa, hahitaji mtu bomba nene la inchi 3 kama lile la kwenye tangi. Mpira wa inchi 1 unatosha, na unapanda mlima. Nyingi zimeandikwa lita 45 kwa dakika. Kwa mita 25 na kimo ulichosema usitarajie zote, lakini lita 90 ni kazi ya dakika chache. Waulize wageni kabla hujanunua chochote, watu wa magari haya mara nyingi wanayo kwenye boksi wala hawajaitaja.

Umeme ndipo wengi wanapoiharibu. Pampu hii inakula ampea 15 mpaka 20. Ukichukua waya wa nyumbani wa milimita 2.5 ukauvuta mita kumi kutoka kwenye betri, njiani zinapotea karibu volti 3, na pampu inabaki inanguruma bila nguvu mpaka inaungua. Pampu ikae pale pale kwenye tundu la tangi, waya mfupi wa milimita 6 au zaidi, fyuzi ya ampea 20 karibu na betri, na injini ya gari iwe inawaka. Kinachokwenda mbali ni mpira, si waya.

Isizunguke kavu. Impela yake ni mpira na maji ndiyo mafuta yake, ikikosa maji kwa muda mfupi tu inaungua na kukatika mabawa. Kwa hiyo unafungua koki ya tangi kwanza, ndipo unawasha. Msimamie mwenyewe, usimwachie mtu akaenda kupiga simu. Tangi likiwa na kitu, sauti yake ni nzito na ya chini. Likikaribia kuisha sauti inapanda, inakuwa nyembamba na ya kupwayapwaya. Hapo hapo zima.

Anza na tangi la choo, umalizie na la sabuni, ili maji ya sabuni yaoshe pampu na mpira. Na hapa kuna jambo ambalo kwenu ni muhimu kuliko kwa wengine, kwa sababu karo liko juu. Mpira wa inchi 1 wa mita 25 unabeba ndani yake kama lita 12. Ukizima pampu na kuufungua, hizo lita 12 zote zinateremka na kukumwagikia miguuni. Weka koki ya kufunga pale mpira unapoungana na pampu. Ukizima pampu tu, hapo hapo ifunge, chomoa, kisha mtu anyanyue mpira begani kuanzia huku chini akitembea kuelekea karoni, mpaka yote yaishie humo. Ukishafuata mpango wa choo kwanza sabuni baadaye, hata likidondoka tone litakuwa la sabuni.

Mwisho wa mpira uingie ndani ya karo na ufungwe kwa kamba kwenye kitu kizito. Pampu ikianza kusukuma mpira unaruka. Na huyo kijana asijaribu kuuvuta kwa mdomo kama wanavyofanya kwenye petroli.

Kuhusu karo. Lita 90 si nyingi kwa karo la nyumba ya wageni, mimi naogopa dawa. Muulize mgeni anatia nini chooni. Zipo dawa za rangi ya buluu zenye fomaldihaidi, zinaondoa harufu kwa kuua vijidudu, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya kuyeyusha uchafu ndani ya karo lako. Ukiviua, karo linajaa tope na maji yanatoka yakiwa mabichi. Angalia pia bamvua, siku zile bahari inapojaa na kukupwa kuliko kawaida. Nyumba za pwani ya mashariki zimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji ya chini yanapanda na kushuka na bahari. Funua karo wakati bahari imejaa kwa bamvua uone maji yamefika wapi. Kama yamekaribia mdomo, subiri maji mafu, siku bahari isipojaa sana.

Ukifunua, usiiname juu yake na asiingie mtu ndani, hata kama kimedondoka kitu cha thamani. Hewa ya mle kwanza inanuka kama mayai viza, ikizidi pua inakufa ganzi na harufu inapotea, na mtu anadhani kumetulia. Wanaoingia kumwokoa wa kwanza nao hubaki humo.

Mama_Mwani_Paje

Mwanangu, hilo la kuchimba kwenye maweni nakuomba sana usilifanye. Jiwe la huku halichuji kitu, lina matundu na njia zake chini kwa chini. Maji yakitupwa nyuma ya nyumba yanatokea mbele ya nyumba. Bahari ikikupwa njoo usimame ufukweni, utaona vijito vidogo vinatoka mchangani, ukionja si chumvi kama ya bahari. Hayo ni maji ya kwenu huko juu. Na sisi hapo ndipo tunapofungia mwani, tunainama maji ya magotini tangu asubuhi, wengine wana vidonda vya mikono na miguu. Kilimo hiki kimeanzia hapa Paje na Jambiani tangu 1989, wamesomea watoto, zimejengwa nyumba. Mimi sina ujuzi wa pampu lakini najua maji yanakokwenda.

Msimamizi_Jambiani

Mama, nimekusikia, na huyo aliyenishauri nimemsomea maneno yako yote. Hakuna shimo litakalochimbwa.

Kaka fundi, umepatia. Pampu wanayo! Iko kwenye boksi la plastiki chini ya kitanda, na mpira wake wa mita 6 tu. Wa kuunganisha tutanunua Mwanakwerekwe. Na dawa nimeisoma mwenyewe kwenye chupa: ni ya buluu na fomaldihaidi imeandikwa. Nimewaeleza kuhusu karo na kisima, wamekubali kuiacha, watatumia maji mengi zaidi na karatasi nyepesi. Lakini lililomo tangini sasa hivi limeshachanganywa na dawa. Hilo nalifanyaje?

Fundi_Mkoani

Hilo la kwanza lisiingie karoni kwako. Hapo ndipo linapohitajika gari la kunyonya alilolisema ndugu wa Bububu, na mara hii moja tu. Jirani yeyote ambaye karo lake limejaa mchangie safari, dereva anyonye la jirani na hilo tangi kwa safari moja. Mwambie mapema kwamba mna dawa ndani, na muulize anakwenda kumwaga wapi. Asipokuwa na jibu la kueleweka tafuta mwengine, kwa sababu kuna wanaoishia porini. Baada ya hapo tangi lisafishwe kwa maji safi mara moja, ndipo muanze utaratibu wa pampu.

Koki ya tangi la choo iwe imefungwa muda wote mpaka likaribie kujaa. Ikiachwa wazi maji yanatangulia na vigumu vinabaki vimejijenga chini ya tundu. Na kitambaa chenye maji cha kufutia watoto kisiingie chooni, hata kama pakiti inasema kinayeyuka. Visu vya pampu haviwezi.

Mtu_wa_Bububu

Bei ya kuchangia ni nafuu kweli. Sisi mtaani kwetu hufanya hivyo.

Msimamizi_Jambiani

Jirani wa ukuta ule ule amekubali kuchangia, karo lake lilikuwa linamsumbua tangu masika. Gari limekuja, limenyonya yote mawili, na dereva alitwambia anakopeleka kabla hatujamlipa.

Jana tumetumia pampu kwa mara ya kwanza. Kijana ndiye aliyesimama kwenye swichi, mimi juu kwenye karo. Nilimsikia akipiga kelele "imebadilika sauti!" na akazima kabla sijamwambia. Ile koki ya kufungia mpira imetuokoa, maana tulipochomoa uani hapakumwagika kitu. Swali langu la mwisho: mpira huu niuweke wapi? Sitaki siku moja mtu auchukue kwenda kumwagilia mchicha.

Fundi_Mkoani

Paka rangi nyekundu ncha zote mbili na kila baada ya mita chache, andika MAJI MACHAFU. Ziba ncha kwa vizibo, uutundike juani nyuma ya karo, usiingie stoo ya vyombo vya kisima. Glavu na ndoo mlizotumia ziwe na alama hiyo hiyo. Palipodondoka kitu sakafuni mwagia klorini: ile ya chupa ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, iache dakika kumi ndipo uoshe. Ila hiyo ya sakafuni tu, usiimimine karoni.

Msimamizi_Jambiani

Rangi nyekundu ipo, ilibaki ya dirisha. Kijana ameshaanza kupaka.