Naomba ushauri: uwanja wa shule tuweke nyasi bandia au tupande ukoka?

Habari zenu wakuu, nipo Tanga mjini, ni mjumbe wa kamati ya shule anayosoma mwanangu, kuna mfadhili kajitolea kutuwekea nyasi bandia uwanjani na anasubiri jibu letu. Uwanja wenyewe saa hizi ni mchanga mtupu, masika ikishuka golini panakuwa dimbwi, juzi dogo karudi goti limechunika lote. Kwahiyo wenzangu wanataka kapeti, wanasema mbona viwanja vya Kaitaba (Bukoba) na Nyamagana (Mwanza) lipo.

Mimi roho inasita. Watoto wetu wanacheza peku, na lile kapeti jua la saa saba linachemka kuliko majani ya kawaida, halafu zile punje nyeusi za matairi chakavu zinazomwagwa katikati ya nyasi za kapeti, Umoja wa Ulaya walishapitisha 2023 kwamba kuanzia 2031 haziuzwi tena. Na likichakaa baada ya miaka 8 au 10 hela ya kubadilisha atatoa nani?

Waliosimamia uwanja wa hivi, hasa huku pwani, joto mnalipunguzaje, mnamwagia maji? Kuna punje zingine zisizo za mpira? Au tumwombe atuchimbie kisima tu tupande ukoka? Kikao Jumamosi, nisaidieni jamani.