Mrejesho: siku zilizopotea baada ya kuacha vidonge vya majira

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini sioni siku zangu tangu niache vidonge vya majira. Asanteni sana, hasa dada aliyesisitiza nipime mimba kwanza, maana yai linaweza kupevuka kabla hata damu haijarudi. Kipimo kikatoa mstari mmoja, yaani sina mimba. Kwa kuwa miezi 3 ilishapita, nikaenda kwa daktari wa wanawake: ultrasaundi safi, homoni nazo sawa, akasema nivute subira. Siku zimerudi, ila bado hazina mpangilio, na tumbo linanikata kuliko nilipokuwa natumia vidonge. Chunusi za kidevuni zipo palepale. Ile chai ya mdalasini mliyonishauri niliinywa. Tamu kweli, lakini tofauti sikuiona.