Mama wa miaka 67, mtoto wa miaka 9, na mimi: kati ya milima hii mitatu twende upi?

MwalimuKibirizi

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa waliowahi kufika kwenye theluji, maana hapa Kigoma kila ninayemuuliza ananielekeza Kilimanjaro.

Mdogo wangu ameolewa Munich, Ujerumani. Yeye na shemeji wametualika Desemba hii tukae nao wiki moja milimani: mimi, mama yetu, na mwanangu wa kiume wa miaka 9. Malazi ni juu yao. Nauli nimeidunduliza kwa mchezo wa walimu wenzangu, miaka miwili sasa. Juzi mdogo wangu ametuma majina matatu: Zermatt ya Uswisi, Chamonix ya Ufaransa na Seefeld ya Austria. Akaandika, "Dada, chagua wewe, mimi nikate tiketi." Nimeangalia picha mpaka macho yameuma. Zote ni milima myeupe, zote ni watu wanacheka.

Niwaeleze tulivyo. Mama amezaliwa Ujiji na ameuza dagaa mwaloni Kibirizi zaidi ya miaka 30. Baridi anayoijua yeye ni ile ya alfajiri ya mwezi wa 6, upepo unapotoka ziwani na wanawake wanaanika dagaa wamejifunga khanga mbili juu ya sweta. Goti la kulia linamsumbua na anameza dawa za presha kila asubuhi. Nilipomweleza safari hakuuliza ndege wala visa. Aliuliza hivi: "Hiyo theluji nitaishika?"

Mwanangu anataka skii tu, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, haogopi kitu. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Kila mwaka nachora ubaoni mto wa barafu unaoshuka mlimani na kuchimba bonde, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kama nimewahi kuuona. Natamani mwakani nimjibu ndiyo.

Kwa watu kama sisi, wapi? Na je, mama atakaa tu dirishani wiki nzima?

AsaliYaTabora

Mwangaluka, mwalimu. Nilisomea misitu Austria miaka miwili, majira mawili ya baridi, na milima miwili kati ya hiyo mitatu nimefika. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali la mama yako limenigusa.

Chagueni Seefeld.

Watu wengi huchagua mlima kwa jina lake. Lakini mtu ambaye hajawahi kuvaa skii huteleza saa mbili au tatu kwa siku, miguu ikagoma. Saa zilizobaki yupo kijijini. Kwa hiyo chagua kijiji kwanza, mlima baadaye. Jiulize: nikitoka mlangoni kwa miguu, na mama yuko pembeni yangu, tunafika wapi?

Chamonix ni mji wa wapanda milima. Ndipo michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika, mwaka 1924, na mlima Mont Blanc unakuinamia kabisa. Lakini maeneo yake ya skii yametawanyika bondeni, unapanda basi kutoka moja kwenda jingine, na sifa yake kubwa ni miteremko migumu. Kivutio anachokimbilia kila mgeni ni gari la waya la Aiguille du Midi: unatoka mjini kama mita 1,035, na dakika 20 hivi baadaye upo mita 3,842. Mimi nilipofika juu nilishika ukuta, kichwa kinazunguka, na nilikuwa kijana wa miaka 26. Mama mwenye presha usimpandishe huko.

Zermatt sijafika, ila mwenzangu wa chuo alifanya kazi hotelini huko misimu miwili. Anasema ni pazuri ajabu: magari ya mafuta hayaruhusiwi kijijini, wenye magari wanayaacha Täsch na kumalizia kwa treni, na mlima Matterhorn, mita 4,478, unauona ukiwa barabarani. Mto wa barafu pia upo. Treni ya Gornergrat, iliyoanza mwaka 1898, inakufikisha mita 3,089 unautazama. Kasoro ni bei. Uswisi hata supu inauma, na kutoka Munich mtabadilisha treni mara kadhaa na mizigo na mama mwenye goti.

Sasa Seefeld. Ipo karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, yaani sawa na Tabora hapa. Mapafu yenu hayatajua kama mmehama. Tena jambo ambalo mwalimu wa jiografia utalipenda: Innsbruck, mji mkuu wa jimbo la Tirol, upo mita 574, wakati maji ya Ziwa Tanganyika yapo kama mita 773. Mji uliozungukwa na milima ya Alps upo chini kuliko mwalo wa Kibirizi! Na treni ya kutoka Munich hupitia Garmisch na Mittenwald hadi Seefeld kwenyewe, hamna haja hata ya kufika Innsbruck.

Seefeld ni uwanda, si korongo. Ndiyo maana mbio za skii za masafa ziliwekwa pale Olimpiki ya Innsbruck, mwaka 1964 na tena 1976. Skii za masafa ni nyembamba na nyepesi, kisigino kinanyanyuka, unatembea na kuteleza kwenye njia mbili zilizochongwa kwenye theluji kama reli. Wewe mwalimu jaribu hizo. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji kabisa wa riadha, alishindana kwa skii za namna hiyo kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akawa bado anamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Sikuwa na picha nyingine kichwani siku yangu ya kwanza.

Mama hatakaa dirishani. Njia za miguu zinasafishwa na kumwagwa changarawe, kuna magari ya farasi, mnajifunika blanketi la sufu mapajani mnapita msituni. Na kuna kaziwa kadogo, Wildsee, pembeni ya kijiji. Baridi ikishika kanaganda chote. Mtu aliyeishi na ziwa maisha yake yote akasimama ufukweni asisikie wimbi hata moja, mimi ningelipa nauli nimwone uso wake. Asikanyage barafu mpaka muone kibao kinaruhusu, Desemba mara nyingi bado ni nyembamba.

Mtoto apelekwe shule ya skii ya kikundi, mteremko wa Geigenbühel, ni wa wanaoanza na upo karibu na nyumba. Usimfundishe wewe wala shemeji yako. Atajifunza kwanza kupiga kabari: visigino nje, ncha za skii zikaribiane mbele, mwendo unapungua. Asiyejua kabari asipande lifti ya kupandisha watu mlimani. Miteremko ya bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wazoefu. Na aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini, hiyo ni sheria, mkaririshe.

Viatu nakuomba sana usikubali kuharakishwa. Duka nililokodi mara ya kwanza lilikuwa limejaa. Nililalamika kidole kinabana, kijana akanipa namba kubwa zaidi ili foleni isogee. Kufika mchana kisigino kinapanda na kushuka ndani ya plastiki, nageuza mguu, skii haigeuki. Nilianguka, goti likajikunja, wiki mbili nachechemea. Kipimo ni hiki: simama wima, vidole viguse mbele ya kiatu. Piga magoti kidogo usukume ulimi wa kiatu kwa mfupa wa mguu, vidole virudi nyuma kidogo tu, kisigino kisinyanyuke kabisa. Soksi moja ndefu ya sufu, si mbili. Soksi mbili zinakunjana na kuchubua. Vifungo vya juu kaza, vya chini vilegeze.

NesiMwanga

Mwalimu, mimi ni muuguzi hapahapa Kigoma. Naongeza la mama tu.

Baridi inabana mishipa ya damu na kupandisha presha. Aende kliniki mwezi mmodi kabla, daktari aamue kama dozi inatosha. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na wingi wake uzidi siku za safari. Asitoke nje ghafla asubuhi. Avae akiwa ndani, afunike mdomo na pua kwa skafu, atembee taratibu. Kwa lile goti mnunulieni fimbo mbili za kutembelea zenye ncha ya chuma, na viatu vyenye soli ya meno. Si lazima uwe kwenye skii ndipo uumie, wengine huteleza mlangoni.

Bima ya visa ya Schengen, yaani visa ya hizo nchi za Ulaya, inatakiwa kufikia euro 30,000, lakini soma ndani kama michezo ya theluji imo. Nyingi haimo mpaka uongeze. Kumshusha mtu mlimani kwa helikopta si pesa ya mchezo wa walimu.

MhaWaJoburg

Salaam kutoka Johannesburg, mimi ni wa Kasulu. Mwalimu, kwa siku ambayo hakutakuwa na shemeji wa kulipa malazi, jua kwamba skii ipo pia Lesotho, sehemu inaitwa Afriski. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, unaangukia likizo yetu ya katikati ya mwaka. Mteremko mkubwa ni mmoja, kama kilomita moja, na theluji nyingi wanaitengeneza kwa mashine usiku. Kwa mtoto anayeanza unatosha. Lakini upo juu ya mita 3,000, na barabara kutoka mji wa Butha-Buthe kupitia mlima wa Moteng ina kona kali zinazoganda asubuhi. Kwa mama, nakubaliana na kaka wa Tabora.

MwalimuKibirizi

Asanteni sana, nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nikimsomea mama kwa sauti. Pale pa ziwa lililoganda akaniambia nirudie.

Maswali mawili. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba: twende mapema au tungoje Krismasi? Na nguo: mdogo wangu anasema kule zinauzwa ghali, tununue wapi?

AsaliYaTabora

Krismasi hadi Januari 6 ni bei ya juu kuliko zote na watu wamejaa. Tarehe 10 hadi 20 Desemba ni nafuu na kimya. Kasoro ni kwamba mita 1,200 kipindi hicho theluji inaweza kuwa chache, na mashine za kuitengeneza zinahitaji baridi ya chini ya sifuri ili zifanye kazi. Ikitokea hivyo, tengeni siku moja ya mto wa barafu wa Stubai: basi kutoka Innsbruck hadi Mutterberg, kituo cha chini cha magari ya waya, mita 1,750, mama abaki pale na shemeji na chai, wewe na mtoto mpande. Juu kuna jukwaa kwenye mita 3,210. Hapo ndipo utapata jibu la mwanafunzi wako. Angalia nyufa za buluu kwenye barafu, na mawe yaliyosukumwa pembeni kama tuta.

Jua linazama kabla ya saa 11 jioni, kwa hiyo mambo yote ni asubuhi.

Nguo zipo hapo Kigoma. Nenda soko la Mwanga siku wanafungua belo la majaketi. Yale mazito wanayovaa bodaboda alfajiri ni majaketi ya skii. Langu nililinunua Tabora na zipu yake bado ilikuwa na tiketi ya lifti ya mlima wa Italia imening'inia. Ligeuze ndani: mishono ikiwa imefunikwa kwa utepe unaong'aa, halipitishi maji. Mwagia kikombe cha maji begani. Yakitiririka kama kwenye jani la mgomba, lipia. Tafuta na suruali zake zenye kanda za mabegani, na glavu. Ndani msivae pamba, inanyonya jasho na kukaa na baridi. Vaeni sufu au zile fulana za mazoezi. Helmeti na viatu mkodi kule. Miwani ya jua na mafuta ya midomo msiache, theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya ile mionzi ya jua inayounguza, na ngozi nyeusi nayo inaungua, midomo yangu ilipasuka.

Na lile swali la mama. Mwambie ataishika, ila achague saa. Asubuhi ya baridi kali theluji ni kavu kama sembe, ukiifumbata inamwagika kati ya vidole. Mngoje hadi saa 6 au 7 mchana, jua limeipiga kidogo. Avue glavu ya kulia tu. Hapo itashikana, na atasikia ikilia chini ya kiganja kama anakamua nguo.

MwalimuKibirizi

Nimemtumia mdogo wangu ujumbe: Seefeld, tarehe 10. Jumamosi naenda Mwanga na mama. Anasema kikombe cha maji atabeba yeye.