Nguru au mzia? Nimeuziwa vipande vya samaki, nisaidieni

Mama_Makadara: Ndugu zangu, juzi nilitaka nguru wa kupaka, yaani wa kuchoma na kupakwa tui. Muuzaji akanipa vipande vinne vilivyokatwa kitambo, kichwa na mkia sikuviona. Kufika nyumbani naparuza kisu ngozini, magamba yanaruka mpaka kwenye pazia. Nguru gani huyu?

Nahodha_Mji_wa_Kale: Umepewa mzia, dada. Magamba ya nguru ni madogo mno, ngozi ukiipapasa ni laini. Akiwa mzima ndiyo humkosei kabisa: ubavuni ana michirizi ya kusimama, imepindapinda kama mawimbi, na nyuma ya pezi la pili la mgongoni vijipezi vimefuatana hadi mkiani. Tazama na ule mstari wa ubavuni. Unakwenda sawa, ukifika pale pezi la pili linapoishia unazama ghafla. Mzia hana vijipezi. Mapezi yake mawili ya mgongoni yameachana mbali, taya la chini limetokeza. Na yale meno usiyatie kidole hata akiwa amekufa.

Kijana_wa_Likoni: Kwani mzia ana kosa gani? Kwetu twamkaanga na sahani zarudi tupu.

Nahodha_Mji_wa_Kale: Mdogo sawa. Mkubwa wa mwambani mimi simli. Yeye hula samaki waliokula samaki waliokula mwani wenye sumu, basi sumu inamrundikia mwilini, na haitoki kwa moto wala kwa ndimu. Anayepatwa nayo hufa ganzi midomo, tena maji ya baridi huyahisi kama yanamuunguza.

Bi_Kisauni: Mie nasemea jikoni tu. Kwa kupaka ni nguru: kipande kinene, hakivunjiki ukikigeuza kwenye makaa, na tui linamkolea. Mzia ukimchoma hukauka, bora umtie kwenye mchuzi wa ukwaju. Lakini mbona kanadi hamumtaji? Naye ni nguru, ila badala ya michirizi ya kusimama ana mistari ya kulala iliyokatikakatika na madoadoa. Msimwite mzia mkamwonea bure!

Mama_Makadara: Haya, viwili vilivyobaki vishaingia ukwajuni. Ijumaa narudi kwa yule bwana, na safari hii anikatie mbele ya macho yangu, kichwa nikiwa nimekishika mimi.