Ushauri: logi za kerneli zinapiga kelele usiku kucha, nizichuje vipi?

Nyegezi_Juu: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, napima dreva ya grafiki ya Linux, hii i915 (programu inayoendesha chipu ya picha ya Intel), kwa mteja wa nje. Mashine inaendesha majaribio usiku kwa igt_runner, programu ya kuyapitisha moja baada ya jingine. Asubuhi nakuta jaribio limepita lakini limepigwa muhuri wa dmesg-warn, yaani kuna onyo kwenye logi ya kerneli (kumbukumbu za kiini cha Linux), kisa mistari kama huu:

`usb 1-2: device descriptor read/64, error -110`

Juzi ilizidi mia. Nichuje vipi? Nina haraka kidogo.

Konda_Mstaafu: Dreva anapiga kelele usiku kucha? Mshushe Buzuruga, tafuta mwingine.

Mama_Mwaloni: Hayo ya mashine siyajui, mimi ni dagaa tu hapa Kirumba. Ila dagaa wa kuanikwa mchangani lazima uwachekeche, na chekeche likiwa na matundu makubwa, wadogo wanaondoka na mchanga. Niliwahi kumpa kijana kazi hiyo, jioni gunia limepungua robo, yeye anasema "mama, ulikuwa mchanga ule". Mchanga gani una macho?

Kamba_ya_Data: -110 maana yake kifaa cha USB hakikujibu kwa wakati. Hapo kwenye tundu la 1-2 umechomeka nini? Na kwa sasa unachuja na nini?

Nyegezi_Juu: Modemu. Umeme ukiyumba inajitoa na kurudi. Sijachuja rasmi.

Kamba_ya_Data: Rasmi ndiyo nini?

Nyegezi_Juu: Haya. Wiki tatu sasa nimeweka kichujio kinachoruka kila mstari wenye neno "error", herufi kubwa au ndogo. Ripoti zinatoka kijani, na nimeshazipeleka. Lakini jamani, majaribio yenyewe yalipita! Sijadanganya mtu. Mteja hajalalamika hata siku moja.

Mzee_wa_Pansiansi: Kijana, kwenye kivuko tulikuwa na taa nyekundu ya oili, inawaka kila safari. Fundi akaichoka, akaibandika plasta. Nahodha akampongeza. Sitaki kueleza tulivyolala majini siku hiyo, ila mpaka leo nikiona plasta nakumbuka mbu wale.

Kiazi_Kitamu: Chai hii. Mzungu gani anakulipa upime dreva kwa modemu ya bando? Weka logi tuione.

Nyegezi_Juu: Ya jana, kabla ya kuchujwa:

`3,2217,1804551233,-;usb 1-2: device descriptor read/64, error -110`
`3,2218,1804990417,-;i915 0000:00:02.0: [drm] *ERROR* CPU pipe A FIFO underrun`

Umeridhika?

Kiazi_Kitamu: Hayo hata mimi naweza kuyachapa. Chai imeongezwa tangawizi.

Kamba_ya_Data: Kiazi, tulia kwanza. Mkuu, mstari wa pili hauhusiani na modemu. Namba ya mwanzo ndiyo uzito: 0 ni mfumo unakata roho, 7 ni gumzo la watengenezaji. Hiyo ni 3, kosa kamili. FIFO underrun ni kwamba data ya picha imechelewa kufika wakati skrini inaihitaji. Yaani kitu chenyewe ulicholipwa ukitafute, na kichujio chako kimekimeza kwa sababu nacho kina neno "error".

Futa hicho kichujio. Andika kipya kinachotaka "usb 1-2" na "error -110" kwenye mstari mmoja, pembeni weka tarehe na sababu. Logi ghafi usiiguse kabisa, unachochuja ni hukumu tu, yaani ule muhuri wa mwisho wa jaribio. Na modemu ihamishie kwenye hab ya USB yenye umeme wake. Hebu niambie, skrini ikoje wakati majaribio yanaendelea?

Nyegezi_Juu: Inapepesa. Kufumba na kufumbua, mstari mweupe unapita juu kisha inatulia. Nilijua ni umeme.

Kiazi_Kitamu: Mh. Naondoa tangawizi.

Mama_Mwaloni: Umepeleka ripoti ngapi mwanangu?

Nyegezi_Juu: Ishirini na moja, mama.