Naomba ushauri: kuunganisha Brother KH-910 na kompyuta

Habari zenu wapendwa. Nafuma sweta za shule hapa Nakuru kwa mashine ya kufumia ya Brother KH-910, ile ya elektroniki yenye sindano 200. Nimeirithi kwa mama, na ndiyo iliyonisomesha. Zile karatasi zake za plastiki za kuchorea michoro zimechakaa kwa miaka, na hata zikiwa mpya, mchoro haupiti upana wa mishono 60. Wateja sasa wanataka jina la shule lienee kifua kizima.

Nimesoma kuhusu AYAB, mfumo wa kuendesha mashine hizi kwa kompyuta: unatoa bodi ya zamani ya elektroniki, unaweka Arduino (kibodi kidogo cha kielektroniki kinachopangiwa kazi) pamoja na bodi ya AYAB, kisha kompyuta inatuma picha mstari kwa mstari. Mchoro unaweza kuchukua sindano zote 200! Hapo nimeshawishika kabisa.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Katika kila sindano 16, moja haichaguliwi, na ni ileile kila mstari. Mashine ina solenoidi 16 (sumaku za umeme zinazochagua sindano za mchoro) zinazogawana sindano zote, kwa hiyo nashuku moja imekwama. Nimesafisha mafuta yaliyoganda, bado. Kama solenoidi yenyewe imekufa, naona bodi mpya haitanisaidia. Lakini je, kama tatizo liko kwenye bodi ya zamani?

Aliyewahi kuifungua anielekeze jinsi ya kupima solenoidi kwa mita ya umeme bila kuunguza kitu. Shule zinafunguliwa Januari, na mashine ni hii moja tu.